Unga wa Mwandu

"Sikuulizi kama umeamka salama, Mama Dastan. Nakuuliza huu unga umetoka wapi!"

Mwalimu Ikupa alikuwa amesimama upande wake wa wigo, tawi la bamia mkononi, amelishika kwa ncha za vidole na kulisogeza mbali na gauni lake kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Tawi lilikuwa jeupe tangu kwenye kikonyo mpaka kwenye bamia changa iliyojikunja pembeni na kukataa kukua.

"Unga gani?" Wilhelmina aliuliza.

"Huu! Au macho yako leo hayaoni? Bilinganya zina unga, nyanya zina unga, bamia ndiyo usiseme. Bustani nimeimwagilia kiangazi chote kwa maji ya kununua, leo imekuwa kama imepita mashineni ikasagwa!"

"Mimi sijaingia kwako, Mwalimu. Tangu msiba ule sijavuka huu wigo."

"Kwa miguu hujavuka."

Hilo la miguu hakulisema Mwalimu. Lilisemwa na Felisita, mwenye genge pale kona, ambaye alikuwa ameacha mteja amesimama na dagaa wake kwenye mizani akaja mbio, na nyuma yake mteja naye akaja, maana dagaa wanaweza kusubiri.

"Felisita, wewe hukuulizwa," Wilhelmina alisema.

"Na sijajibu. Nimesema tu kwa miguu hujavuka. Hilo ni kosa?"

Mwalimu Ikupa alinyoosha lile tawi juu ya minyaa ya wigo. "Nimekuona kwa macho yangu. Leo asubuhi, na jana asubuhi. Unatoka na kopo, unanyunyiza, midomo inacheza. Kataa."

Mtu mwingine angekataa hapo hapo, na maneno yangeisha, kila mtu angekwenda kusengenya nyumbani kwake kwa raha zake. Lakini Wilhelmina hakuwa na uwezo wa kumkana mume wake, Mwandu, hata kwa kitu kidogo kama kopo.

"Sikatai. Nimenyunyiza. Ila kwangu, kwenye pamba yangu."

Hata bodaboda aliyekuwa anapita alipunguza mwendo, akaweka mguu chini.

"Mmesikia wenyewe," Felisita alisema taratibu. "Mimi sijasema kitu. Kasema mwenyewe."

"Unga wa nini, Mama Dastan?" Mwalimu aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, na kushuka kwake kulitisha kuliko zile kelele.

Wilhelmina aliwatazama. Angeweza kuwaeleza. Lakini kuna jambo ambalo ukilisema juu ya wigo, mbele ya watu waliokuja na dagaa, linageuka kichekesho, na yeye hakuwa tayari kumpeleka Mwandu sokoni.

"Ni mambo yangu na mume wangu."

"Mume wako amekufa," Mwalimu Ikupa alisema.

Lilimtoka, na uso wake ulionyesha kwamba angelirudisha kama lingerudi. Halikurudi. Wilhelmina aliokota kopo lake lililokuwa miguuni, akaingia ndani.

*

Pamba yenyewe haikuwa shamba la kuita shamba. Ilikuwa mistari michache nyuma ya nyumba, kati ya choo na wigo wa minyaa, mahali ambapo mtu mwingine wa mtaa huu wa Somanda angejenga vyumba vya kupangisha. Mwandu alikuwa na shamba kubwa kwao Zagayu, lakini kifua kilipoanza kumsumbua, ikabidi wahamie mjini awe karibu na hospitali, akasema basi, yuko tayari kuacha ng'ombe, yuko tayari kuacha ndugu, ila hawezi kulala kwenye nyumba ambayo ukifungua dirisha huoni pamba. Mtaa ulicheka. Mwandu akapanda.

Aliipalilia akiwa amekaa kwenye kigoda, maana kusimama kulikuwa kunamkata pumzi. Anapalilia anapofika mkono wake, anasogeza kigoda, anapalilia tena. Watoto wa jirani walimwita mzee kigoda na yeye akaitika. Na wakati wa kuvuna alivuna hivyo hivyo, kigoda kwa kigoda, mpaka siku ile alipofika katikati ya mstari wa mwisho, akaegemeza kichwa kwenye kiroba cha pamba kama mtu anayejipumzisha. Wilhelmina alimwita aje kunywa uji. Akamwita tena. Akatoka na kijiko mkononi.

Nusu ya mstari ule haikuvunwa na mtu.

Kila mtu Simiyu anajua kwamba pamba ikishavunwa hung'olewa ikachomwa, ili wadudu wasipate pa kukaa kusubiri msimu mwingine. Gari la matangazo hupita na spika likisema hivyo hivyo kila mwaka, na Mwandu alipokuwa hai hakuhitaji spika. Alikuwa wa kwanza kuchoma, na waliochelewa aliwafuata hadi mlangoni kuwagombeza. Mwaka huu mwenyekiti wa mtaa, Salvatory, alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Dastan, ile pamba ya marehemu..."

"Kaa kwanza, Mwenyekiti. Unywe chai."

Salvatory alikunywa chai, akatazama nje dirishani pale pamba ilipokuwa, akatazama na kigoda kilichobaki katikati ya mstari, akasema asante kwa chai. Hakurudi tena kuiulizia.

Na ule unga? Ule Wilhelmina aliuona kwa mama mkwe wake huko Zagayu: unga kidogo wa mtama na maji, unanyunyiza penye kazi ya mtu aliyetangulia, unamweleza habari za nyumbani asije akajiona amesahauliwa. Wilhelmina alikuwa mwanajumuiya wa kanisa Katoliki, mwimbaji wa sauti ya kwanza, na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari yake na kopo lake. Asubuhi alitoka, akanyunyiza juu ya pamba, akasema: "Mwangaluka, Mwandu. Dastan kapiga simu, anakusalimu. Sukari imepanda tena. Mwalimu bilinganya zake zimetoa maua, ungeziona." Kisha akamwagia pale maji ya kuoshea vyombo, na pamba, badala ya kukauka, ikatoa majani mapya.

Mwanzoni upepo ulikuwa unaupeperusha ule unga. Lakini kiangazi kilipokolea, unga ulianza kubaki. Aliukuta kesho yake bado uko pale, mweupe, umekaa kwenye panda za matawi, umejikusanya chini ya majani. Hakumwambia mtu. Ila ndipo alipoanza kupata usingizi, kwa sababu alielewa kwamba kile anachotoa kinapokelewa. Mwandu alikuwa anasikia.

*

Nyumba ya Wilhelmina siku zote ilikuwa nyumba ya watu. Wanawake walisukana nywele barazani kwake kwa sababu tu baraza lake lina kivuli na maneno. Wanaume walikuja kutazama mpira wakakuta sinia, wakasahau mpira. Kwake ukipita ukasalimia bila kuonja kitu, ulikuwa umemtukana.

Baada ya maneno ya wigoni, waliokuwa wanakuja wakapata kazi nyingi. Huyu ana nguo za kufua, yule ana mgeni. Sala ya jumuiya iliyokuwa isaliwe kwake ikahamishiwa nyumba nyingine, akaambiwa ni kwa sababu yeye amechoka na msiba, apumzike. Kwenye genge, Felisita alimsukumia dagaa kwa mbali kwenye gazeti, vidole visikutane. Alipowasalimu watu, "Mwangaluka," waliitikia wakiwa wanatembea.

Siku moja alipika mlenda akapeleka bakuli kwa mama aliyejifungua nyumba ya tatu. Bakuli lilipokelewa vizuri, kwa shukrani nyingi mno. Jioni aliona mlenda wake umemwagwa jalalani, na kuku wanaupita.

Hapo ndipo alipoogopa. Alikuwa na shangazi kule kijijini, na habari za shangazi huyo zilianza na kitu kidogo kuliko bamia. Zilianza na ndama wa jirani aliyekataa kunyonya. Hakuna aliyempiga shangazi. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kula chakula chake. Kisha waliacha kukaa kwenye kiti alichokalia, na mwishowe akabeba sufuria yake kichwani akaenda kuishi Mwanhuzi kwa watu asiowajua, akafia huko mlango umefungwa. Na katika wale waliowahi kunyooshewa kidole, huyo alihesabiwa mwenye bahati.

Upande wa pili wa wigo mambo hayakuwa mazuri pia. Wilhelmina alisikia kila kitu, minyaa haizuii sauti. Mwalimu Ikupa, mtu wa Tukuyu aliyehamishiwa Bariadi kufundisha shule ya msingi, alikuwa amezoea udongo unaokubali kila kitu, na alikuwa ameapa kwamba hata hapa atakula mboga ya mkono wake. Kwanza alisema ni ukungu, akanunua dawa ya ukungu, akapuliza amejifunga kitambaa usoni. Weupe ukabaki. Akamwaga majivu. Majivu yakagandia juu ya ule weupe, bustani ikazidi kutisha. Majani ya bilinganya yakawa yananata kama yamemwagiwa soda, kisha yakaanza kuwa meusi, na nyanya zikaanguka kabla ya kuiva.

"Piga ile dawa ya pamba," Felisita alimshauri. "Ile hata nyoka hafurukuti."

"Na mimi nikishapiga nitakula nini, Felisita? Hiyo ni sumu ya shambani. Hii ni mboga ya kuingia tumboni."

"Basi Mwalimu, nikwambie ukweli. Hiyo yako si ya kupuliza. Hiyo ni ya kuagua. Nina mtu."

"Mimi Mmoraviani, usinitafutie watu."

"Haya. Mmoraviani kula unga."

Wilhelmina, aliyekuwa anaanika michembe ya viazi upande wake, alisubiri kusikia Mwalimu akicheka. Mwalimu hakucheka.

*

Kisha Wilhelmina akashikwa na homa. Ilimlaza siku kadhaa, na katika siku hizo mlango wake haukubishwa na mtu isipokuwa upepo. Alikunywa dawa zake na maji, akaongea na Dastan kwa simu akamdanganya kwamba nyumba imejaa wageni. Kilichomuuma zaidi ya kichwa ni kopo. Mwandu atasemaje? Atasema nimechoka naye mapema hivi?

Asubuhi aliyoweza kusimama, alitoka akishika ukuta, kopo kwenye kwapa. Alipofika kwenye pamba akasimama.

Unga ulikuwa umejaa. Umejaa kuliko siku zote, umefunika matawi, umeshuka mpaka kwenye mashina, na kwenye ile nusu ya mstari isiyovunwa vitumba vilivyobaki vilikuwa vimevishwa weupe mtupu. Sasa ni yeye mwenyewe, alijiambia. Ameniona naumwa, amenyunyiza yeye.

Akaketi kwenye kigoda kwa furaha na udhaifu, akanyoosha kidole aguse, kama mtu anayegusa mkono wa mtu.

Unga ukatembea.

Aliondoa mkono. Akatazama tena, akisogeza uso mpaka pua ikakaribia jani. Kila chembe ya unga ilikuwa na umbo, mviringo uliobanwa, na vinyweleo vyeupe pembeni. Na zile kubwa zilikuwa zimezamisha midomo yao kwenye tawi, zinanyonya. Aliminya moja. Ilipasuka kwa majimaji ya njano, ikaacha utando wa kunata kidoleni. Na katikati yao sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka, wanawagusagusa kwa ndevu, wanalamba, wengine wamebeba vitoto vyeupe midomoni kwa uangalifu kama mama anayehamisha mtoto.

Wilhelmina aliufuata ule mstari wa sisimizi kwa macho, na macho yalipofika mwisho akaufuata kwa magoti. Ulitoka kwenye shina la pamba, ukapita chini ya minyaa mahali palipo na ufa, ukaingia kwa Mwalimu, ukapanda juu ya bamia.

Alirudi kwenye kigoda. Alikaa hapo mpaka jua likamchoma shingo.

Si kwamba hakuelewa la kufanya. Mke wa Mwandu hawezi kuona mdudu kwenye pamba iliyovunwa akauliza afanye nini. Ila akisema, pamba hii inang'olewa, na hakuna mstari tena, wala nusu ya mstari, wala mahali pa kuweka kigoda. Na kuna lile jingine, ambalo ndilo lilimkalia kifuani: akisema, atakuwa amesema kwamba Mwandu hakupokea kitu. Kwamba asubuhi zote zile alizolala vizuri, alikuwa anabembelezwa na wadudu. Akinyamaza, mume wake anabaki, na yeye anabaki mchawi, na bamia za Mwalimu zinakufa, na kidogo kidogo ataanza kutafuta sufuria ya kubeba kichwani.

Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akaiambia pamba, "Ungekuwa wewe, Mwandu, ungekuwa umeshachoma zamani. Ungenigombeza mpaka barabarani wasikie." Na akajua kwamba hilo ndilo jambo la kweli pekee alilolisikia tangu mume wake afe.

*

"Mwalimu!"

Ikupa aliinua kichwa kutoka kwenye bilinganya.

"Njoo huku kwangu, uone kitu."

"Nione nini, Mama Dastan?"

"Njoo na miwani yako ya kusomea. Na uje na macho yako mwenyewe, ya Felisita uyaache genge."

Mwalimu alisita. Wilhelmina aliona jinsi alivyotazama barabarani kama kuna anayemwona, na kule kutazama kulimuuma, lakini hakusema. Mwalimu alizunguka akaingia kwa mlango wa mbele wa uani, mikono imefumbatwa, akipita katikati ya njia kama mtu anayepita kwenye matope.

"Uliniuliza unga wa nini," Wilhelmina alisema. "Ninamnyunyizia Mwandu. Hapa ndipo alipokatia roho. Huwa namsalimu, namweleza habari. Basi. Zako pia nimemweleza, nilimwambia bilinganya zako zimetoa maua."

Mwalimu aliishusha mikono yake.

"Sasa lete bakuli moja la maji hapo barazani. Nataka uone wewe, si mimi."

Mwalimu akaleta. Wilhelmina alichota unga kwenye kopo, akautia majini. Maji yakachafuka meupe, unga ukazama. Akayamwaga, akajaza mengine, kisha akakata tawi la pamba akalikung'utia humo. Maji yalibaki maji. Juu yake vilielea vitu vyeupe, havilowi, kama vimepakwa mafuta, na baada ya kitambo vikaanza kukunja miguu.

Mwalimu alivaa miwani akainama mpaka miwani ikagusa maji.

"Yesu wangu," alisema. "Ni wadudu."

"Ni wadudu."

"Vidung'ata hawa. Nyumbani niliwaona kwenye mihogo! Mama yangu aliwaita hivyo, vidung'ata. Mimi napuliza ukungu, ukungu, kumbe..." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Nimekuita nini kwa watu, Mama Dastan."

"Tutayaongea. Kwanza twende kwenye wigo nikuonyeshe njia yao."

Walikwenda wote wawili kwa magoti, wakafuata sisimizi, na njia nzima Mwalimu alikuwa anasema "ona, ona" kama mtoto. Walipofika kwenye bamia alikaa chini kabisa, gauni lote mavumbini.

"Tukiiosha hiyo pamba?" alisema. "Kwa maji ya sabuni, tawi kwa tawi. Mimi naweza kukusaidia kila siku nikitoka shule. Si lazima uing'oe."

Wilhelmina alimtazama, akamshukuru moyoni kwa kusema hivyo. Alitamani iwe kweli. Akaenda kwenye mche wa karibu, akaushika chini kwa mikono miwili, akavuta, ukagoma, akavuta tena mpaka ukatoka na bonge la udongo. Akaupindua. Weupe ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mizizi, umejipachika kwenye kila mpasuko wa ganda, na sisimizi walitawanyika na mayai yao.

"Sabuni haifiki hapa," alisema.

*

Waling'oa jioni ile ile. Wilhelmina alitandika turubai ambalo Mwandu alikuwa anaanikia pamba, wakaiweka miche humo kwa taratibu badala ya kuiburuta, maana ukiburuta unapanda wadudu njia nzima. Udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu na homa haikuwa imemwisha vizuri, na ilipofika mstari wa tatu alikuwa anang'oa mche mmoja na kupumzika. Lakini Felisita alikuwa ameshafika.

Alifika kama anavyofika siku zote, kwa kupita tu. "Hodi, ninapita tu, nimesikia watu wanang'oa."

"Pita huku, uangalie kwenye bakuli," Mwalimu alisema.

Felisita alitazama. Alitazama sana, akageuza bakuli, akapuliza. "Wana miguu."

"Wana miguu."

"Sasa unga gani una miguu?"

"Ndiyo uwaambie hivyo hivyo huko nje," Mwalimu alisema. "Kwa sauti ile ile uliyowaambia yale ya kwanza."

Felisita hakujibu, jambo ambalo mtaa ungelipa kiingilio kuliona. Alifunga khanga kiunoni, akashika mche. Na kwa kuwa Felisita akiinama mtu lazima aje kuona ameinamia nini, kabla jua halijashuka uani palikuwa na watu, na Salvatory mwenyekiti ameleta jembe lake. Mwalimu aliwagawia kazi kama darasani. Hawa wabebe turubai. Wale wakang'oe bamia zilizooza na bilinganya mbili zilizokwisha. Wengine wachemshe maji ya kumwaga kwenye shimo la sisimizi. Zile mboga zenye nafuu alizifuta mwenyewe kwa kitambaa na maji ya sabuni, chini ya kila jani, akisema itabidi arudie na kurudia mpaka waishe, maana wakibaki wachache wanaanza upya.

Ilipofika ile nusu ya mstari, Wilhelmina alisema, "Huu niachieni."

Wakamwachia. Alikaa kwenye kigoda, akang'oa mche uliofikika, akasogeza kigoda, akang'oa mwingine. Mche wa mwisho ulikuwa na kitumba kimoja kilichofunguka vizuri, na Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Hicho ukibaki nacho, Mama Dastan. Kimoja tu."

Wilhelmina alikichambua kwa kidole gumba. Ndani, katikati ya pamba, walikuwamo. Alikitupa juu ya turubai pamoja na vingine.

Pamba yenye majani mabichi haiwaki kwa kubembelezwa; wakaipanga juu ya mabua makavu, wakaimwagia mafuta ya taa. Uliwekwa moto, na mara ile ukawa mkubwa kuliko watu. Wilhelmina alisimama karibu mpaka Salvatory akamvuta nyuma. Midomo yake ilikuwa inacheza na kila mtu aliiona ikicheza, na safari hii hakujificha, akasema watu wasikie: "Mwandu, mahali pako tumepachoma, kama ulivyokuwa unafanya. Ukinitafuta usinitafute huku nje. Niko jikoni."

Moto ulikula ukashiba, ukalala. Watu wakaanza kutikisa mavumbi, kunawa mikono kwenye ndoo, kutafuta ndala zao. Wilhelmina aliona kile alichokuwa anakiogopa: kila mmoja alikuwa anageukia mlango wa uani, kwa aibu, kwa haraka, na jambo lote lilikuwa linakwisha vizuri bila mtu kuingia ndani.

Akaenda jikoni. Akachochea moto, akateleka maji. Mlango wa jiko aliuacha wazi wote, na lile kopo akaliweka kizingitini ambapo kila macho yangelikuta. Maji yalipochemka alilifungua, akamimina unga wa mtama wote uliokuwamo, mpaka akaligonga kopo kwenye ukingo wa sufuria lisibaki na kitu, akasonga. Harufu ya ugali wa mtama ikatoka uani ikawakuta wale waliokuwa wanavaa ndala.

Mwalimu Ikupa alikuwa amesimama karibu na ndoo, mikono inachuruzika, kwenye upindo wa gauni bamia chache alizookoa, zimeoshwa, za kijani safi. Alilitazama kopo tupu kizingitini, kisha akamtazama Wilhelmina. Nyuma yake Felisita alikuwa ameganda langoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Ni ule ule," Wilhelmina alisema, mwiko mkononi. "Sina mwingine. Lete hizo bamia, mdogo wangu, nizipike ziwe mboga. Na wewe Felisita, amua huo mguu. Ingieni ndani, tule."